Bakteria wanakula mafuta, shaba hawaili

Wakazi wa Lubumbashi wanatuuliza kama ni kweli kuna vijidudu vinavyomaliza sumu ya viwanda. Ni kweli, lakini inategemea sumu yenyewe.

Mafuta ya vidanji, yaani mafuta machafu ya injini, yanayomwagwa chini kwenye garaji, na mazuti (dizeli) inayovuja kwenye pipa, ni chakula cha bakteria waliomo tayari ndani ya udongo. Kinachowakwamisha ni kukosa hewa, unyevu na naitrojeni. Chimbua udongo huo, utandaze juu ya turubai nene, changanya na samadi kavu, nyunyizia maji bila kuutotesha, na ugeuze kila wiki. Baada ya miezi kadhaa sehemu kubwa ya mafuta huwa imegeuka hewa ya kaboni na maji. Meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta Alaska mwaka 1989, fukwe zilitiwa mbolea ili bakteria wa pale pale wapate nguvu. Hata hivyo usipande mboga kwenye udongo huo, kwani vidanji hubeba pia metali.

Na metali, iwe shaba, kobalti au risasi, hakuna kiumbe anayeweza kuivunja. Anayekuuzia chupa ya vijidudu vya kumaliza shaba shambani anakuibia pesa, na anahatarisha watoto wako.

Kinachowezekana ni kuifunga. Bakteria waitwao Desulfovibrio, wanaoishi kwenye tope lisilo na hewa, hugeuza salfeti (chumvi yenye salfa) ya maji ya mgodi kuwa salfaidi. Hiyo hunasa shaba na kuizamisha kama tope jeusi. Kiwanda cha zinki cha Budel, Uholanzi, kilianza kusafisha maji kwa njia hiyo mwaka 1992. Lakini tope hilo likikauka na kupigwa na hewa, bakteria wengine, Acidithiobacillus, huligeuza asidi, na shaba hurudi majini. Kwa hiyo bwawa la aina hii lazima litunzwe miaka yote. Tena hutoa gesi yenye harufu ya yai bovu, ambayo inaweza kuua, usijaribu nyumbani.

Huko Penga Penga, mtaa wa Lubumbashi ambako upepo ulipeleka moshi wa tanuru la shaba lililoanza mwaka 1911, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walijaribu kufunika udongo kwa nyasi za asili zinazovumilia shaba, pamoja na chokaa na mboji. Mama mwenye bustani huko naye atumie chokaa na samadi, na lengalenga (mchicha) aioshe vizuri, maana vumbi hukaa juu ya majani. Kabla ya kupanda tena, apeleke udongo wake upimwe.