Muwasho na harufu kinenani: maswali ambayo wanaume huuliza kwa sauti ya chini

Mwanaume akiwashwa mgongoni hujikuna mbele za watu na hata kumwomba mwenzake amkune. Akiwashwa kinenani hunyamaza miezi, hununua dawa kwa kukisia, na anapokuja kuuliza ngozi imeshakuwa nyeusi na nene. Maswali yafuatayo ndiyo ninayoulizwa mara nyingi, na karibu yote huanza na "samahani, hili ni la aibu kidogo." Si la aibu hata kidogo. Ni ngozi, kama ngozi nyingine.

Kwa nini panawasha hapo na si kwingine?

Kinena ni mkunjo. Ngozi inalaliana na ngozi, hewa haipiti, jasho halikauki, na kila ukipiga hatua paja linasugua paja. Fangasi wa ngozi hustawi mahali pa namna hiyo. Chakula chao ni keratini, protini inayojenga tabaka la juu la ngozi, na mwili unapopambana nao ndipo unapoanza kuwashwa. Wanaosumbuliwa zaidi ni wanamichezo, watu wanaoshinda wamekaa au wanaofanya kazi za jasho, wanene, na wenye kisukari.

Nitajuaje kama ni fangasi?

Simama penye mwanga mzuri, chukua kioo kama huoni vizuri, kisha angalia umbo la upele wenyewe. Fangasi wa kinena huanzia kwenye mkunjo na kushuka upande wa ndani wa paja. Doa hutanuka kama mduara au nusu mduara. Ukingo wake umeinuka, una magamba madogo, na ni mwekundu au, kwa mwenye ngozi nyeusi, wa kahawia iliyokolea au kijivujivu. Katikati panaonekana kama panapona. Ukipitisha kidole unausikia ule ukingo.

Tena kuna alama moja inayosaidia sana: fangasi hawa kwa kawaida hawapandi kwenye mfuko wa korodani. Kwa hiyo kama korodani zenyewe ndizo zilizowiva, na kuna vipele vidogovidogo vimetawanyika pembeni ya wekundu, yaelekea ni kandida, fangasi wa aina nyingine. Doa bapa la kahawia lisilo na ukingo ulioinuka, tena lisilowasha sana, mara nyingi ni bakteria, nalo linahitaji dawa ya bakteria. Na kama unawashwa zaidi usiku, una vijipele kwenye uume na korodani, kisha unawashwa pia katikati ya vidole vya mikono, fikiria upele ule wa vidudu vinavyochimba ngozi. Huo hautibiwi kwa mtu mmoja. Wote mnaoishi nyumba moja hupaka dawa siku moja, na nguo na mashuka hufuliwa kwa maji ya moto.

Nilipaka dawa, ikapona, baada ya mwezi ikarudi. Dawa ni feki?

Inawezekana, lakini kwa kawaida kosa huwa kwingine.

La kwanza ni kuacha mapema. Muwasho hukata siku chache tu baada ya kuanza dawa, na mtu huona amepona. Fangasi bado wapo. Krimu ya fangasi ya klotrimazoli ya 1% hupakwa mara mbili kwa siku, na unaendelea wiki moja hadi mbili baada ya doa kutoweka. Terbinafini ya 1% huchukua muda mfupi zaidi, wiki moja hadi mbili. Yoyote utakayotumia, paka kuvuka ukingo wa doa kwa kama sentimita 2, maana fangasi wameshafika hapo kabla jicho halijawaona.

La pili ni miguu. Tazama katikati ya vidole vyako, hasa kile kidogo na jirani yake. Ngozi nyeupe, laini, inayobanduka na kunuka? Hao ni fangasi pia, na mara nyingi ndio haohao waliopanda kinenani. Unapovaa chupi, mguu unapita ndani yake na kuwaacha humo. Tibu miguu na kinena kwa pamoja, vaa soksi kabla ya chupi, na taulo iliyofuta miguu isipande juu.

La tatu ndilo linalonisikitisha zaidi: krimu za mchanganyiko zenye steroidi kali kama betamethasoni au klobetasoli. Zinapendwa kwa sababu zinatuliza muwasho usiku uleule. Steroidi inanyamazisha kinga ya ngozi, wekundu unafifia, huku fangasi wakiendelea kutambaa bila kizuizi. Ukiacha, moto unarudi kwa kasi, na doa limeshapoteza umbo lake kiasi kwamba hata mtaalamu hupata shida kulitambua. Ukizitumia muda mrefu ngozi ya kinena hukonda na kuchanika michirizi, na michirizi hiyo haifutiki. Soma maandishi ya boksi kabla hujalipa.

Harufu je? Naoga kila siku.

Jasho lenyewe halinuki sana. Kinena kina tezi zinazoanza kazi wakati wa balehe, zinatoa jasho zito, na bakteria wa ngozi wakilivunjavunja ndipo harufu inapotoka. Osha kwa maji na sabuni isiyo kali, suuza vizuri, kisha kausha. Wengi hukosea hapo kwenye kukausha: wanavaa mapaja yangali mabichi. Gandamiza taulo mkunjoni, usisugue, kaa kidogo bila nguo, halafu vaa chupi ya pamba isiyobana. Ukitoka jasho, badilisha.

Ambaye hajatahiriwa alivute govi nyuma taratibu kila siku, aoshe ule utando mweupe kwa maji ya uvuguvugu, akaushe, kisha alirudishe mbele. Likiachwa nyuma linaweza kukaza na kuvimba. Govi la mtoto mdogo lisilofunguka lisilazimishwe.

Limau, spiriti au dawa ya kuua vijidudu?

Hapana. Ngozi ya korodani ni nyembamba mno. Utaiunguza, kisha utawashwa na kidonda.

Ninyoe?

Si lazima. Kupunguza kwa mkasi kunatosha. Wembe huleta vipele na vinyweleo vinavyoota kwa ndani.

Mke wangu atadhani nimetoka nje ya ndoa.

Mwambie ukweli: fangasi huambukizwa kwa kugusana, taulo na nguo, na haithibitishi usaliti wowote. Ila ukiona kidonda, usaha, au maumivu wakati wa kukojoa, hilo ni jambo jingine, na mnapaswa kupimwa nyote wawili.

Niende hospitali lini?

Kama wiki mbili za dawa sahihi hazijaleta nafuu. Kama tatizo linajirudia, hasa chini ya govi, omba upimwe sukari. Wapo wanaogundua kisukari kwa njia hiyo. Lakini maumivu makali kinenani au kwenye korodani, uvimbe unaoongezeka haraka, homa, au ngozi inayogeuka nyeusi ghafla, usisubiri kuche. Nenda saa hiyohiyo.