Kwa Nini Jengo Refu Kuliko Yote Ulaya Halipo London Wala Paris

Waulize watu kumi jengo refu kuliko yote barani Ulaya liko mji gani. Wengi watataja London, wachache Paris. Jibu ni Saint Petersburg, Urusi, ufukweni mwa Ghuba ya Finland, ambako Lakhta Center ilikamilika 2018 ikiwa na mita 462. Ukishuka kwenye orodha bado hutoki Urusi: Federation Tower mita 374, OKO 354, Neva Towers 345, Mercury City 339, yote yakiwa Moscow, kwenye eneo moja la biashara kando ya mto Moskva. Baada ya hapo ndipo unafika Warsaw na London, kwenye mita 310.

Si kwamba Warusi wanajua kujenga kuliko Waingereza. Mchoro wa kwanza wa mnara wa Saint Petersburg ulitoka kwa RMJM, kampuni iliyozaliwa Edinburgh, Uskoti. Utaalamu wa kupandisha ghorofa 80 upo sokoni na mwenye fedha anaununua. Kigumu Ulaya ni kibali. Kule, urefu wa jengo huamuliwa kwanza na kanisa la zamani lililo jirani, kisha na udongo, na mtu asiyelijua hilo ataona maumbo ya ajabu ya minara hiyo akadhani ni madoido ya wasanifu.

Tuelewane kwanza urefu unapimwaje, maana hapo ndipo mabishano huzuka. Baraza la kimataifa la majengo marefu, lenye makao yake Chicago, hupima kuanzia mlango wa chini hadi ncha ya usanifu. Ncha iliyo sehemu ya mchoro wa msanifu inahesabiwa. Antena na mlingoti wa bendera havihesabiwi. Tena, ili kitu kiitwe jengo, angalau nusu ya urefu wake iwe na ghorofa zinazotumika. Ndiyo maana mnara wa televisheni wa Ostankino, Moscow, wenye mita 540, haumo kwenye orodha, wala Eiffel yenye mita 330.

Kanuni hiyo huzaa vituko. Varso Tower ya Warsaw, iliyokamilika 2022, ina mita 310, lakini paa lake liko mita 230. Zinazobaki ni ncha nyembamba ya chuma. The Shard ya London ina mita 309.6, na watalii hupanda hadi ghorofa ya 72, mita 244 kutoka chini, wakalitazama jiji. Kwenye karatasi Warsaw imeishinda London kwa sentimita 40. Binafsi, ushindi wa namna hiyo haunishtui. Nairobi nayo ina kisa cha aina hiyo: mita 200 za Britam Tower zimejumlisha mlingoti mrefu ulio juu yake.

Sasa turudi Saint Petersburg. Kitovu cha kihistoria cha jiji hilo kiko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1990. Ni jiji tambarare, majumba yake yamelingana vimo, na kinachochomoza juu ya mapaa ni kuba na ncha za makanisa. Gazprom, kampuni kubwa ya gesi, ilipotaka makao makuu mapya ilichagua kiwanja ng'ambo ya mto Neva, mkabala na Kanisa Kuu la Smolny, na ikapanga mnara wa karibu mita 400. Mwaka 2006 liliitishwa shindano la usanifu. Watatu kati ya wasanifu walioalikwa kuwa majaji, Norman Foster, Rafael Viñoly na Kisho Kurokawa, walijitoa kwa sababu waliona urefu ule haufai mahali pale. Hao si watu waoga wa ghorofa. Foster ndiye ambaye ofisi yake ilikuja kusanifu Varso, na Viñoly tutakutana naye London. Wakazi waliandamana, UNESCO ikapinga, na mwishoni mwa 2010 mradi ukahamishwa kwenda Lakhta, mbali na mji mkongwe. Huko, palipokosekana kanisa la kuheshimu, mnara ukaongezwa urefu.

Shida iliyobaki ilikuwa chini. Saint Petersburg ilijengwa kwenye delta, juu ya ardhi laini iliyojaa maji, na udongo wa mfinyanzi ulio mgumu unapatikana kwa kina kirefu. Jengo zito haliwezi kukaa juu ya tope likatulia sawasawa; upande mmoja ukizama sentimita chache kuliko mwingine, juu kabisa mnara umeshainama. Kwa hiyo zilichimbwa nguzo za msingi 264, kila moja na kipenyo cha mita 2, ndefu zaidi zikifika mita 82 ardhini. Juu ya nguzo hizo likajengwa sanduku la zege lenye pembe tano, na slabu yake ya chini ndiyo iliyoingia kwenye kitabu cha rekodi: zilimwagwa mita za ujazo 19,624 za zege mfululizo, kwa saa 49, hadi tarehe 1 Machi 2015. Lori moja la zege hubeba mita za ujazo 8 au 9. Piga hesabu, ni safari zaidi ya 2,000, usiku na mchana, katika baridi ya Urusi.

Kwa nini wasipumzike? Fundi yeyote aliyewahi kumwaga slabu anajua: zege la jana likishashika, la leo haliungani nalo vizuri, panabaki mstari dhaifu ambao maji hupitia na ufa huanzia. Kwenye nyumba ya kawaida mstari huo unatafutiwa mahali pasipo na madhara. Chini ya mnara wa mita 462 unaokaa kwenye ardhi yenye maji hawakutaka uwepo kabisa. Zaidi ya hapo, zege nene hivyo hutoa joto kali linapokomaa, na tumbo likiwa la moto huku ngozi ikipoa haraka, slabu hupasuka yenyewe. Sehemu hii ya kazi haipigwi picha na watalii, lakini ukinitaka nichague kazi moja ya kihandisi ya kujivunia katika jengo lile, nitachagua hiyo.

Juu ya ardhi, mnara una mabawa matano yanayozunguka kiini cha zege, na unapopanda hujipinda kidogo kidogo hadi juu ukawa umegeuka nyuzi 90. Mpindo huo una kazi. Upepo ukilipiga jengo lenye kona zilizonyooka toka chini hadi juu, huachia mizunguko ya hewa kulia, kisha kushoto, kwa mapigo yanayolingana. Mapigo hayo yakioana na mtikisiko wa asili wa jengo, ghorofa za juu huanza kuyumba na watu wakashikwa na kizunguzungu. Umbo linalobadilika kila ghorofa huvuruga mapigo, upepo usipate pa kukamatia. Gharama yake iko kwenye ukuta: vipande vya kioo karibu 16,500, vikiwa vimekunjwa taratibu kufuata mpindo.

London imelitatua suala la kanisa kwa njia ya peke yake. Kuna mistari ya macho inayolindwa kisheria: ukisimama mahali fulani, lazima uione kuba ya Kanisa Kuu la St Paul's bila kizuizi. Mmoja wa mistari hiyo huanzia kwenye kilima kidogo ndani ya Richmond Park, takribani kilomita 16 kutoka kanisani, ukipita kwenye upenyo uliokatwa mahsusi katikati ya miti. Msanifu anayepata kiwanja London anaanza kwa kuchora mistari hiyo kwenye ramani kabla hajachora jengo. Leadenhall Building, mita 225, ina uso mmoja ulioegemea nyuma kuanzia chini hadi juu. Watu wa mji wameibandika jina la kikwangulio cha jibini. Iliegemezwa hivyo ili mtu anayetembea Fleet Street asiuone mnara ukichungulia nyuma ya kuba ya St Paul's.

The Shard yenyewe ilipingwa na taasisi ya serikali inayosimamia urithi wa majengo, ikapitia uchunguzi wa hadhara, na kibali kikatoka 2003. Renzo Piano aliichora kama vipande vinane vya kioo vinavyoinamiana bila kukutana kileleni. Imewekwa kando ya kituo cha reli cha London Bridge, na kwa jengo la ukubwa ule kuna nafasi 48 tu za kuegesha magari. Nadhani miji yetu ingefaidika zaidi kwa kuiga hilo kuliko kuiga vioo vyake.

Ndani, mifupa yake hubadilika kadiri unavyopanda. Sehemu ya chini ni ofisi, na hapo fremu ni ya chuma kwa sababu ofisi zinahitaji ukumbi mpana usio na nguzo. Kwenye ghorofa za katikati, penye hoteli na nyumba za kuishi, wakahamia zege: sakafu za zege ni nyembamba, huzuia kelele, na uzito wake hutuliza mtikisiko wa upepo pale ambapo watu wanalala. Kileleni chuma kinarudi. Ili kuokoa muda, kiini cha jengo kilipandishwa zaidi ya ghorofa 20 wakati chini yake mashine bado zinachimba ghorofa za ardhini. Mapema 2011, ujenzi ukiendelea, mbweha alikutwa anaishi ghorofa ya 72 akila mabaki ya chakula cha mafundi. Alikuwa amepanda kwa ngazi.

Ng'ambo ya mto kuna jengo la Viñoly, 20 Fenchurch Street. Lina mita 160, si refu sana, ila uso wake wa kusini umebonyea kwa ndani. Kiangazi cha 2013 vioo hivyo vilikusanya jua na kulielekeza barabarani hadi vipande vya gari lililoegeshwa vikayeyuka. Mwaka uliofuata ukuta ulifungwa vikinga jua. Anayepanga kujenga ukuta wa kioo hapa kwetu, jua likiwa utosini sehemu kubwa ya mwaka, aombe mahesabu ya mwakisiko kabla ya kuagiza kioo.

Frankfurt ndiyo iliyoongoza Ulaya kabla ya Moscow. Commerzbank Tower, mita 259, ilishika nafasi ya kwanza kuanzia 1997 hadi 2003. Ni kazi ya Foster, na kwangu ndiyo yenye akili kuliko zote humu: ina umbo la pembetatu lililo wazi katikati, bustani tisa zilizopangwa kwa mzunguko, na madirisha ambayo mfanyakazi anaweza kuyafungua mwenyewe akiwa juu kabisa. Bustani za upande wa mashariki zina mimea ya Asia, za kusini mimea ya Mediterania, za magharibi mimea ya Amerika Kaskazini. Hewa na mwanga vinapita ndani ya jengo, mitambo ya kupoza ikapunguziwa kazi.

Na Paris? Nayo ilijaribu. Tour Montparnasse, mita 210, ilikamilika 1973, na Waparisi waliichukia kiasi kwamba 1977 jiji likaweka ukomo wa mita 37. Minara ikahamia La Défense, nje ya mpaka wa jiji. Ukomo ulilegezwa 2010 katika baadhi ya maeneo, ndipo mnara wa Tour Triangle wenye mita 180 ukapata nafasi. Ujenzi wake ulianza 2022. Juni 2023 madiwani wakarudisha mita 37, Triangle ikiwa tayari ina kibali chake mkononi.