Mzazi asiyejulikana na nafasi yake kwenye mti wa ukoo

Faili nyingi za ukoo zinazoanza kwa kuwahoji wazee wa Rungwe, Makete au Kilolo huishia na ukoo mmoja unaoishinda mingine yote kwa wingi wa watu: ukoo wa Haijulikani. Bibi ni Haijulikani, mke wa pili wa babu ni Haijulikani, na baba wa mtoto aliyezaliwa nyumbani kwa kina mama yake naye ni huyo huyo. Msomaji anaelewa. Programu ya kompyuta ya kutunzia nasaba haielewi, kwake hilo ni jina kama Atupele. Italipanga kwenye herufi H, na ukiiagiza itafute watu waliorudiwa itakushauri uwaunganishe mabibi wawili ambao hawakuwahi hata kuonana. Alama za kuulizia, "X" na "Mwanamke" zina dosari hiyo hiyo.

Acha kisanduku cha jina kitupu. Gramps, programu ya bure ambayo naipendekeza kwa kazi hii, huonyesha maneno yake yenyewe penye jina lililokosekana, nawe unaweza kuyabadilisha kwenye mapendeleo, ukurasa wa maandishi, yasomeke "jina bado". Maneno hayo ni ya kuonyesha tu, hayaingii kwenye kumbukumbu.

Kabla ya kumfungulia mtu kumbukumbu isiyo na jina, jiulize unajua nini juu yake zaidi ya kwamba lazima alikuwepo. Kama hujui lolote, usimfungulie. Fungua familia yenye mzazi mmoja na mtoto, basi. Katika GEDCOM, muundo wa faili unaotumiwa na karibu programu zote za nasaba, familia ya namna hiyo ni halali kabisa:

0 @F12@ FAM
1 HUSB @I5@
1 CHIL @I9@

HUSB ni mume na CHIL ni mtoto. Mstari wa WIFE, yaani mke, haupo, na hakuna kinachoharibika. Lakini ukiambiwa "alitoka Usangu" au "alifariki kabla mtoto hajabatizwa", hapo una mtu. Mfungulie kumbukumbu, acha jina, jaza hayo unayoyajua, na uandike nani kakwambia na lini.

Panapoharibika zaidi ni kwenye ndoa za wake wengi. Tuseme babu ana watoto watano. Wazee wanasema watatu ni wa nyumba kubwa na wawili wa nyumba ndogo, majina ya mama hakuna anayeyakumbuka. Ukiwaweka wote watano kwenye familia moja ambayo nafasi ya mama iko wazi, programu itawahesabu kuwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Siku jina la mke mkubwa likipatikana ukalijaza, amekuwa mama wa wote watano, na kuwatenganisha wakati wajukuu na vyanzo vimeshafungwa humo ni kazi ya kuchosha. Kwa hiyo kila nyumba iwe na familia yake, na kila familia iwe na mke wake asiye na jina, kwa sababu hapa unajua jambo kubwa: walikuwa wanawake wawili. Andika "mama wa nyumba kubwa" kwenye dokezo lake. Mtoto ambaye nyumba yake haijulikani apewe familia ya tatu yenye baba peke yake. Usimpe mama kwa kubahatisha.

"Mama Tumaini" ni habari nzuri kuliko inavyoonekana. Iweke kama jina mbadala, kisanduku cha jina la kwanza kibaki wazi. Kisha angalia orodha ya watoto wake: kama Tumaini hayumo, huenda ni kifungua mimba aliyefariki mdogo ambaye hakuna aliyemtaja.

Jina la ukoo la mke ni la upande wa baba yake. Usipolijua usimpe la mume. Ukifanya hivyo, mti utaonyesha watu wa ukoo mmoja wameoana, na mzee wa Kinyakyusa akiuona atakuuliza umemtukana nani.

Upo pia mtego wa neno "baba". Baba mdogo na baba mkubwa wote ni baba, na mjane aliyerithiwa na ndugu wa marehemu anaweza kuzaa watoto wanaohesabiwa kwa marehemu. Uliza wazi: aliyemzaa au aliyemlea? Programu nzuri hukuruhusu kumfunga mtoto kwa familia mbili, moja ya kuzaliwa na nyingine ya kulelewa, kila moja na aina yake ya uhusiano. Mara nyingi mzazi "asiyejulikana" yumo tayari kwenye faili kwa jina la nyumbani, huku daftari la ubatizo la Rungwe au Tosamaganga likimtaja kwa jina la Kikristo.

Mtu asiye na jina apewe walau makadirio ya kuzaliwa. Mtoto akiwa wa mwaka 1934, mama yake huwekwa kati ya 1889 na 1919, yaani umri wa miaka 15 hadi 45 alipomzaa. Bila tarehe yoyote, programu nyingi humdhania kuwa hai na kumficha unapotoa ripoti. Gramps huanza na kikomo cha umri wa miaka 110 kwa mtu kudhaniwa kuwa hai.

Yapo mambo matatu ambayo watu huyaita kwa neno moja: halijatafutwa, limetafutwa halikupatikana, na linajulikana ila halisemwi. La tatu si la kuacha wazi. Baba wa mtoto wa nje ya ndoa akijulikana, muandike ikiwa waliokuambia wameridhia, kisha funga kufuli la faragha kwake na kwa familia hiyo. Mawili ya kwanza yatofautishe kwa lebo za rangi. Uvumi kwamba babu aliyekwenda mkonge Tanga kama manamba "alioa kule" ni dokezo kwenye kumbukumbu yake. Bado si mke.

Aina ya ndoa nayo isidhaniwe kwa kuwa kuna watoto. Iwe "haijulikani" mpaka uambiwe habari za mahari au harusi. GEDCOM 7.0 ya mwaka 2021 ina hata mstari wa kusema ndoa haikufungwa, 1 NO MARR, tofauti na ukimya. Programu nyingi bado zinatumia toleo la 5.5.1, kwa hiyo andika hilo kwenye dokezo pia. Kabla ya kumtumia ndugu faili, ingiza nakala yake kwenye programu nyingine na ukague familia zenye mzazi mmoja, kufuli za faragha na lebo. Lebo ndizo hupotea kwa urahisi zaidi.