Bomba la maji likipita juu ya jiwe

Panda vilima vya Igogo au Mabatini, hapa Mwanza, halafu tazama unapokanyaga. Mabomba meusi yametambaa juu ya mawe, yanavuka mitaro, yanapita chini ya ngazi za majirani. Hayakufukiwa kwa sababu udongo hautoshi: sululu inagonga jiwe kabla hujafika kina cha maana. Mimi ni fundi bomba, na simu nyingi ninazopigiwa zinahusu laini hizo.

Nchi za baridi hufukia bomba kuliepusha na barafu, maana maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9 na kupasua hata chuma. Kwetu vilimani bomba linamalizwa na jua, jiwe na presha.

Bomba la PVC au PPR likiachwa juani hupauka na kukakamaa, kisha mtoto akilikanyaga linakatika. Roli nyeusi, yaani bomba la plastiki linalopindika na kuuzwa limeviringishwa, huvumilia kwa sababu imechanganywa na kaboni inayozuia miale. Kwa hiyo juu ya jiwe weka roli. Lakini soma maandishi yake: PN10 maana yake linabeba presha ya bar 10 (bar ni kipimo cha presha) maji yakiwa na nyuzi joto 20. Yakifika 40 uwezo hushuka hadi bar 7 na kidogo, na mawe yetu saa nane mchana yanaunguza. Kila mita 10 za mteremko huongeza karibu bar moja. Nyumba iliyo mita 60 chini ya tanki inabeba bar 6 hata maji yakiwa yametulia, na koki ikifungwa ghafla presha hupanda zaidi. Sehemu ya chini nunua PN16. Najua bei inauma, ila hapo sishauri kubana.

Joto hurefusha pia. Roli ya mita 30 inaweza kuongezeka zaidi ya sentimita 10 kati ya alfajiri na mchana, kwa hiyo usiivute ikanyooka wala kuikaza kwa waya. Ilegeze ipinde kidogo, na kila inapogusa ncha ya jiwe ivalishe kipande cha tairi kuukuu. Kuunga kwa kulichoma bomba motoni na kulivalisha jingine nakataa kabisa. Pale lilipochomwa ndipo litakapopasuka. Tumia viungio vya kukaza kwa mkono.

Linaloninyima raha ni mtaro. Wakati wa mgao bomba hubaki tupu, na maji yaliyosalia yakiteremka hufyonza kupitia kila ufa. Kama ufa umelala kwenye maji machafu, uchafu huo utafika kwenye ndoo yako, na kipindupindu husafiri kwa njia hiyohiyo. Ikibidi kuvuka mtaro, pitisha bomba juu yake ndani ya bomba kubwa la chuma, na usiache kiungio hata kimoja hapo katikati. Baada ya mita ya maji weka valvu inayopitisha maji upande mmoja tu, ili ya nyumbani kwako yasirudi kwa wengine. Kabla ya mita usiguse, waite MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza.

Maji yakirudi, fungua koki ya nje polepole, acha hewa itoke na maji ya mwanzo yamwagike mpaka yawe maangavu. Ya kunywa bado uyachemshe.