Tope Ndilo Lililoutunza Ubao Huu

Mvuvi mmoja wa Ggaba, ufukweni mwa Ziwa Viktoria nchini Uganda, aliniita nikatazame ubao ulionaswa na nyavu zake. Ulikuwa mweusi, mzito, wenye tundu ndogo zilizofuatana ukingoni, na katika tundu mbili zilibaki nyuzi za mwale, mti wa jamii ya mitende. Waganda walishona mbao za mitumbwi yao kwa nyuzi hizo, kama watu wa pwani walivyoshona mitepe, vyombo vyao vya tanga, kwa kamba za nazi. "Mwalimu, huu bado mzima kabisa," aliniambia. Nikaubonyeza kwa ukucha, ukabonyea kama muhogo uliochemshwa.

Kwa macho ulikuwa mzima kweli. Bakteria walikuwa wamekwisha kula sehemu kubwa ya selulosi inayoupa mti uimara, na maji yaliyojaa ndani ya seli ndiyo yaliyoshikilia umbo lake. Maji hayo yakikauka, kuta za seli hujikunja, na ubao husinyaa na kupasuka pasipo tiba. Ndiyo maana niliomba beseni la maji kabla ya kuomba kamera.

Wengi hudhani kwamba kina cha maji ndicho kinachohifadhi, lakini mlinzi hasa ni tope. Chombo kinapozama, vyepesi huchukuliwa na mawimbi, mbao zinazobaki wazi husuguliwa na mchanga na kuliwa na kuvu, ilhali zile zinazofukiwa mapema hukosa oksijeni na kuoza polepole mno. Mtumbwi wa Dufuna, Nigeria, ulikaa ardhini kwenye udongo uliojaa maji takriban miaka 8,000. Huko Mombasa, meli ya Wareno Santo António de Tanna iliyozama mwaka 1697 ilibakiza sehemu ya chini ya mwili wake iliyofukiwa, ingawa bahari ina viumbe wa jamii ya chaza wanaotoboa mbao, ambao ziwa letu, kwa bahati njema, halina.

Hatari yetu iko ufukweni. Kati ya 1961 na 1964 Ziwa Viktoria lilipanda zaidi ya mita mbili, na Mei 2020 likafikia alama ya mita 13.42 kwenye kipimo cha usawa wa maji huko Jinja. Kila linapopanda na kushuka, mawimbi huvunjika mahali papya na kufukua kilichokuwa kimelala. Kinachonitia uchungu zaidi ni uchimbaji wa mchanga, kama ule wa Lwera, eneo la kinamasi kando ya ziwa, kwa sababu huondoa tabaka zima pamoja na mpangilio wa vitu, na mpangilio huo ndio unaotueleza chombo kilizamaje.

Mvuvi amenionyesha mahali nyavu zilipokwama. Tumepima na kuchora, na mbao nyingine tumeziacha topeni.