Je, wajua? Kwa nini Mswahili hakosei mkazo wa neno refu la mapafu

Mpe mwanafunzi wa Arusha alisome neno pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis, jina la ugonjwa wa mapafu uletwao na vumbi laini sana la volkano. Atajikwaa njia nzima, lakini akifika mwishoni ataweka mkazo panapotakiwa: ko-ni-O-sis. Kwa Kiingereza neno hili lina herufi 45 na silabi 19, na mkazo wake mkuu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, palepale tunapoutia kwenye a-RU-sha na ba-RA-za.

Wengi watakwambia ni Kigiriki hicho, na mkazo wake ni wa Kigiriki. Hapana, mara mbili. Kwanza, neno lenyewe ni chotara. Pneumon (pafu), mikros (dogo), skopein (kutazama), konis (vumbi) na tamati -osis (hali, mara nyingi ya ugonjwa) ni vya Kigiriki. Ultra, silex (jiwe gumu la kutoa cheche) na Vulcanus, mungu wa moto wa Warumi, ni vya Kilatini. Tena halikutoka hospitalini. Lilitungwa mwaka 1935 na Everett Smith, rais wa chama cha wapenda mafumbo cha Marekani, kwa nia ya kupata neno refu kupindukia.

Pili, Mgiriki wa kale angeurudisha mkazo nyuma: necrosis (kufa kwa sehemu ya mwili) kwake ni NE-kro-sis, si ne-KRO-sis. Aliyeusogeza ni Mlatini, na kanuni yake ni kama mizani ya mnunuzi wa kahawa. Silabi ya pili kutoka mwisho inapandishwa mizanini. Ikiwa nzito, yaani ina irabu ndefu au imefungwa na konsonanti, inabaki na mkazo. Ikiwa nyepesi, mkazo unarudi kwa ya nyuma yake. O ya -osis ni omega ya Kigiriki, irabu ndefu, basi inabaki na mkazo. Katika laryngology, elimu ya koo, lo ni nyepesi, hivyo husemwa la-rin-GO-lo-ji. Hapo ndipo Mswahili aliyepatia koniosis huanguka na kusema go-LO-ji. Kiingereza nacho hakitii daima: metamorphosis wengi huitia mkazo kwenye mor.

Ugonjwa halisi huitwa silikosi, nao huwapata wachimbaji, wakiwemo wa tanzanaiti kule Mererani, kwa vumbi la mwamba lenye silika, madini yaliyomo pia kwenye mchanga. Ushahidi kwamba majivu ya volkano pekee huwaletea wakazi wa kawaida silikosi ni haba. Na volkano hai ya mkoa wa Arusha, Oldoinyo Lengai, inasifika duniani kwa lava isiyo na silika karibu kabisa.