Ikilinganishwa na nini? Dhana potofu na ukweli kuhusu saikolojia jamii

Kila muhula unapoanza, kabla sijaandika neno ubaoni, huwagawia wanafunzi wa mwaka wa kwanza nusu karatasi na kuwaomba waandike jambo moja wanaloamini wanalijua kuhusu saikolojia jamii, yaani elimu ya jinsi fikra na matendo ya mtu yanavyoathiriwa na watu wengine. Jina hawaandiki. Karatasi hurudi na mambo yaleyale: mengine wameyaona YouTube, mengine wamefundishwa sekondari, na machache, nakiri, niliyasema mimi mwenyewe miaka ya nyuma kabla sijayachunguza. Haya ndiyo yanayojirudia.

"Haya yote tunayajua, wahenga walishasema"

Mmoja aliandika: "Saikolojia jamii ni methali zilizowekewa takwimu." Nilicheka, nikaibandika ofisini. Shida ya methali ni kwamba haikosei kamwe. Kazi ya kikundi ikifana, tunasema kidole kimoja hakivunji chawa. Ikiharibika, manahodha wengi chombo huenda mrama. Zote mbili tunatembea nazo, na tunaitoa ile inayofanana na yaliyokwisha kutokea. Mtafiti anatakiwa aseme kabla.

Jipime kwa hili. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, jeshi la Marekani liliwahoji askari wake kwa wingi sana. Ikaonekana kwamba askari waliosoma zaidi walisumbuliwa na matatizo ya akili kuliko wenye elimu ndogo, na kwamba waliotoka mashambani walikuwa na moyo mkunjufu kuliko wa mjini. Bila shaka umeshapata sababu: msomi anawaza mno, mtu wa shamba kazoea dhiki. Sasa soma tena, maana yote mawili ni kinyume cha yaliyopatikana. Mwanasosiolojia Paul Lazarsfeld ndiye aliyewatega wasomaji wake hivyo mwaka 1949, na mtego wake bado unanasa kila darasa ninaloingia.

"Watu wakiwa wengi, hakuna anayesaidia"

Chimbuko lake ni New York, usiku wa manane wa kuamkia alfajiri ya tarehe 13 Machi 1964. Kitty Genovese, dada wa miaka 28 aliyekuwa akisimamia baa, alichomwa kisu karibu na nyumbani kwake, Kew Gardens. Wiki mbili baadaye New York Times likaandika kwamba watu 38 walitazama hadi mwisho bila kupiga simu polisi. Habari hiyo ikaingia kwenye vitabu vya kufundishia ikiwa nzima nzima.

Walioona kweli walikuwa wachache. Wengi walisikia kelele tu, tena usingizini. Alishambuliwa mara mbili, na mara ya pili ilikuwa ndani ya ujia wa nyuma ambao wengi wao hawakuweza kuuona. Mtu mmoja alipaza sauti kutoka dirishani, na muuaji akakimbia kwanza. Jirani wa Kitty, Sophia Farrar, alishuka akampakata mpaka msaada ukaja. Mwaka 2016, muuaji alipofia gerezani, gazeti lenyewe liliandika kwamba taarifa yake ya awali ilikuwa na makosa.

Basi jambo lote ni uongo? Hapana, na hapa ndipo panaponoga. John Darley na Bibb Latané, waliochokozwa na habari ile, walifanya jaribio lililochapishwa mwaka 1968. Mwanafunzi anakaa peke yake chumbani na kuzungumza na wenzake kwa kipaza sauti. Ghafla mmoja wao anaanza kushikwa na kifafa, akigugumia na kuomba msaada (ni kanda iliyorekodiwa). Waliodhani kwamba hakuna mwingine anayesikia, 85% walitoka kutafuta msaada kabla kifafa hakijaisha. Waliodhani kuna wengine wanne wanaosikia, ni 31% tu. Mtafiti alipowafungulia mlango wale waliobaki vitini, aliwakuta mikono inatetemeka na viganja vimelowa jasho. Wengi waliuliza, "Vipi, ni mzima?" Hao si watu wasiojali. Ni watu ambao kila mmoja alidhani mwingine ameshakwenda.

Tatizo ni kwamba darasani tunachanganya maswali mawili. La kwanza: mtu mmoja mmoja, je, uwezekano wake wa kusaidia hupungua akijua wako wengine? Jaribio linasema ndiyo. La pili: aliyepatwa na shari, je, ana nafasi ndogo ya kusaidiwa penye umati? Watafiti waliotazama picha za kamera za mitaani za ugomvi 219 katika miji ya Amsterdam, Lancaster na Cape Town, wakachapisha mwaka 2019, walikuta kwamba katika ugomvi tisa kati ya kumi, angalau mtu mmoja aliingilia. Na watu wakiongezeka, nafasi ya kupatikana wa kuamua iliongezeka pia.

Mfano ninaoupenda zaidi umetoka Kenya. Kila abiria wa matatu anajua hali ile: dereva anaipita lori kwenye kona, watu kumi na wanne wanashika viti, wanatazamana, kimya. Kila mmoja anasoma utulivu kwenye uso wa mwenzake na kudhani ni yeye tu mwoga. James Habyarimana na William Jack walibandika ndani ya matatu stika zinazowahimiza abiria kumlalamikia dereva, katika kampeni iliyokuja kujulikana kwa jina la Zusha! Ni matatu zipi zipewe stika iliamuliwa kwa bahati nasibu, kati ya magari kama 12,000. Kisha wakalinganisha madai ya bima. Zenye stika zilikuwa na madai pungufu kwa kati ya robo na theluthi. Ujumbe wa kuwahimiza abiria waseme kwa pamoja ulifanya kazi vizuri zaidi. Na nawavulia kofia kwa hili: waliandika wazi kwamba hawakuweza kuondoa kabisa uwezekano kwamba stika yoyote tu, hata isiyo na ujumbe huo, ingeleta tofauti.

"Milgram alithibitisha kwamba mtu akiamriwa, ataua"

Karatasi tano kati ya kumi huwa na hili. Stanley Milgram, Chuo Kikuu cha Yale, alianza kazi mwaka 1961. Mshiriki aliambiwa ampige mwenzake shoti ya umeme kila anapokosea jibu, akipanda kidogo kidogo kutoka volti 15 hadi 450. Shoti hazikuwepo, aliyelalamika upande wa pili wa ukuta alikuwa mtu aliyepangwa. Katika ripoti ya kwanza, ya mwaka 1963, wanaume 26 kati ya 40 walifika mwisho. Hiyo ndiyo 65% maarufu.

Watu huishia hapo, wakati utafiti wenyewe ndio unaanza. Asilimia 65 peke yake haikuambii sababu, kwa kuwa haijalinganishwa na kitu. Milgram aliurudia mpangilio ule akibadilisha jambo moja kila mara. Mtoa maagizo alipoondoka na kuagiza kwa simu, waliofika mwisho walishuka hadi kama mmoja kati ya watano: fimbo ya mbali haiui nyoka. Tena kwa simu wengine walidanganya, wakasema wanapandisha volti kumbe wanabonyeza za chini. Wenzake wawili mezani walipogoma, waliofika mwisho walikuwa 10%. Wasimamizi wawili walipopingana mbele ya mshiriki, hakuna hata mmoja aliyemaliza.

Kuna jambo jingine dogo linalonikereketa. Msimamizi alikuwa na kauli nne za kusukumia, kuanzia "tafadhali endelea" hadi "huna chaguo jingine, lazima uendelee." Hiyo ya nne tu ndiyo amri hasa. Jerry Burger alipolirudia jaribio hilo kwa tahadhari, akikomea volti 150, kila aliyefikishwa kwenye kauli hiyo ya nne aligoma. Waliosonga mbele walisonga zaidi walipoambiwa kwamba utafiti unahitaji waendelee. Wapo wataalamu wanaosema kwa hiyo hawa hawakuwa watiifu vipofu. Waliamini wanaitumikia sayansi. Mimi naliona hilo linatisha zaidi.

"Hiyo ni nadharia tu"

Mtaani nadharia ni kinyume cha vitendo. Kwenye fani hii nadharia ni maelezo yaliyokwisha kupimwa mara nyingi. Dhana inayosubiri kupimwa inaitwa nadharia tete. Tuendelee.

"Badilisha imani ya mtu, tabia itafuata"

Kwanza tuulize tunajuaje kipi kimeleta kipi. Ukikuta wanachama wa vikoba (vikundi vya kuweka na kukopa) wanaaminiana kuliko majirani wasio na kikoba, usikimbilie kusema kikoba kimeleta uaminifu. Huenda anayewaamini watu ndiye anayejiunga. Ili kujua, lazima mtafiti ndiye aamue, kwa bahati nasibu, nani apate nini. Hilo si sawa na sampuli nasibu, ingawa kwenye mtihani wanafunzi huyachanganya kila mwaka: sampuli nasibu inahusu nani ameingia kwenye utafiti, mgawo nasibu unahusu nani amewekwa kundi lipi.

Elizabeth Levy Paluck alifanya hivyo Rwanda, akachapisha mwaka 2009. Jamii kadhaa zilisikiliza kwa mwaka mzima Musekeweya, mchezo wa redio wa Kinyarwanda unaohusu maridhiano. Kundi la kulinganishia halikuachwa mikono mitupu: nalo lilisikiliza mchezo wa redio, ila wa afya. Kwa hiyo raha ya kukaa pamoja, redio na mgeni anayetembelea vilikuwa sawa pande zote. Mwisho wa mwaka, imani za watu moyoni hazikutofautiana sana. Kilichotofautiana ni jinsi walivyoielewa desturi: hapa kwetu watu wanafanyaje, kuhusu ndoa, kuhusu kumwamini mtu, kuhusu kupinga jambo hadharani. Kila jamii ilipewa redio kaseti na kanda, ijiamulie namna ya kuvitumia. Kwa wasikilizaji wa afya, mtu alipendekeza kiongozi wa eneo avitunze na wengine wakakubali upesi. Kwa wasikilizaji wa Musekeweya, watu walibishana, wakataka kuvisimamia wenyewe.

"Jaribio likirudiwa likashindikana, basi mtafiti alidanganya"

Wapo waliodanganya. Diederik Stapel wa Uholanzi alikiri mwaka 2011 kwamba alitunga data. Lakini mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti liliporudia tafiti 100 za saikolojia, kama theluthi tu ndizo zilizotoa tena matokeo yenye uzito wa kitakwimu, na hizo zilizoanguka si zote za matapeli. Sampuli ndogo, bahati, na majarida yanayopenda habari za kushangaza vinatosha kabisa kuleta balaa hilo. Ongeza na hili: Jeffrey Arnett alihesabu mwaka 2008 kwamba 96% ya washiriki katika majarida makubwa ya saikolojia ya Marekani walitoka nchi zenye 12% tu ya watu wa dunia. Tukisoma "binadamu hufanya hivi", mara nyingi anayesemwa ni mwanafunzi wa chuo wa Marekani.

"Hojaji ikijazwa na wengi, ukweli umepatikana"

Mwaka 1934 Richard LaPiere alichapisha habari za safari zake Marekani pamoja na mume na mke wa Kichina, enzi ambazo Wachina walibaguliwa waziwazi. Walifika kwenye hoteli na migahawa 251 wakakataliwa mara moja tu. Baadaye aliwaandikia wenye sehemu hizo akiuliza kama wangempokea Mchina. Waliojibu, zaidi ya 90% walisema hapana. Utafiti wake una tundu (aliyejibu barua huenda siye aliyesimama mlangoni), lakini ulitufunza kutolichukulia jibu la karatasi kama tendo.

Mimi nilijifunza kwa aibu. Nikiwa mwanafunzi nilipeleka hojaji kwenye mtaa mmoja wa Temeke, swali kuu likiwa: "Je, huwa unawasaidia majirani zako?" Mjumbe wa nyumba kumi alinizungusha mlango kwa mlango, maana bila yeye nisingefunguliwa. Wote walijibu ndiyo. Nikarudi chuoni nimejaa furaha. Mwalimu wangu alipekua karatasi moja baada ya nyingine, akavua miwani. "Mtaa mzima hauna hata mmoja mwenye roho ya kutu? Niambie uko wapi, nihamie."

Nikarudi peke yangu. Mama mmoja muuza maandazi aliponiona alicheka kabla sijasalimia. "Mwanangu, ulitaka tuseme nini, na mjumbe kakaa hapo?" Safari hii nilikuwa nimelibadilisha swali: "Mara ya mwisho maji yalipokatika, ulichota kwa nani?" Alijifuta unga mikononi, akahesabu kwa vidole, akataja nyumba tatu. Ya mjumbe haikuwamo.